Zoltán Kodály: Mtunzi mashuhuri aliyeacha makuu akawafunza watoto kuimba

Kama uliwahi kuimba kwaya shuleni, unazijua zile do, re, mi. Mwalimu anasimama mbele yenu, hana kinanda, hana gita, ana mdomo wake tu. Anawapa noti. Sopu mnaishika, wa besi wanapotea njia kabisa, anawarudisha. Mnarudia na kurudia mpaka giza linaingia kwa sababu tamasha za muziki ziko wiki ijayo na lazima mwende mkashinde.

Si ajabu kwamba hukuwahi kuuliza hizo do, re, mi zilitoka wapi. Nani huuliza? Unaimba, unaenda zako nyumbani.

Basi tulia nikusimulie kuhusu mtu mmoja wa Hungaria, nchi iliyo katikati ya Ulaya, ambako Desemba ikifika theluji inafunika paa na saa kumi jioni kumeshaanza kuwa giza. Alikuwa mtunzi mkubwa, wa kuchezwa kwenye kumbi za kifahari. Angeweza kukaa huko juu na wakubwa wenzake maisha yake yote. Lakini alipofika umri wa zaidi ya miaka 40, jina lake likiwa limeshika moto, akageuka akaanza kuwatungia watoto wa shule. Watu walishangaa. Wengine waliona anajishusha bure.

Jina lake ni Zoltán Kodály. Hilo la pili litamke Kodai, usiumize ulimi.

MTOTO WA STESHENI

Alizaliwa tarehe 16 Desemba 1882 katika mji wa Kecskemét, kusini mashariki mwa jiji kuu Budapest. Baba yake, Frigyes, alikuwa mfanyakazi wa reli. Kama unajua familia yoyote ya reli, hata hapa kwetu, unajua maisha yake: baba akihamishwa, nyumba nzima inahama. Kutoka Kecskemét walienda Szob, kisha Galánta, kisha Nagyszombat. Miji hiyo miwili ya mwisho leo iko Slovakia.

Hawakuwa matajiri, lakini nyumba ilikuwa na muziki. Baba alipiga fidla, mama alipiga piano. Jioni za baridi, wakati hakuna wa kutoka nje, marafiki walikuja wakapiga pamoja. Inasemekana kikundi chao kilikosa mtu wa kupiga chelo, ile fidla kubwa inayowekwa katikati ya magoti. Zoltán akaichukua akajifunza mwenyewe ili pengo lizibwe. Pia aliimba kwaya kanisani.

Lakini kitu kilichomkaa moyoni hakikutoka nyumbani wala kanisani. Kilitoka kwa watoto wa Galánta aliosoma nao shule ya kijijini. Wale hawakuwa na fidla. Wengine hata viatu vilikuwa shida. Lakini waliimba. Walikuwa na nyimbo za kucheza, za kuchokozana, za kuombea mvua, nyimbo walizorithi kwa mama na nyanya zao bila kuandikiwa popote. Alipokuja kuwa mtu mzima alitunga kazi ya okestra akaipa jina la mji huo, Ngoma za Galánta. Hakuwa amesahau.

MKOBA MGONGONI, VIJIJI MBELE

Mwaka wa 1900 alihamia Budapest kusoma. Chuo kikuu alisomea Kihungaria na Kijerumani, na wakati huohuo akasomea utunzi katika Chuo cha Muziki. Hapo akagundua jambo lililomkera. Jijini, watu waliojiona wastaarabu walidharau nyimbo za vijijini. Muziki wa maana, kwao, ulitoka Vienna na Ujerumani. Ukiimba kama nyanya yako wewe ni mshamba.

Si unaijua hiyo dharau? Hata Nairobi iko. Mtu akiimba wimbo wa kwao kwenye sherehe watu wanacheka kidogo, kisha wanaomba DJ aweke kitu cha nje.

Kodály hakubishana na mtu. Mwaka wa 1905 alichukua mkoba na daftari akaanza kuzunguka vijijini, akianzia maeneo yale ya Galánta alikokulia. Alikaa na wakulima, akawaomba waimbe, akaandika noti kwa kusikiliza tu. Mwaka uliofuata alimaliza shahada yake ya udaktari, na utafiti wake ulihusu jinsi beti za nyimbo za jadi za Kihungaria zinavyojengwa.

Wakati huo alikutana na kijana mwenzake aliyeitwa Béla Bartók, ambaye naye angekuja kuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa karne nzima. Wakawa marafiki wa kufa kuzikana. Walizunguka vijijini, na baadaye walibeba fonografu, mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Mwaka wa 1906 walichapisha pamoja nyimbo 20 za jadi zikiwa zimeandikiwa piano. Katika miaka iliyofuata wakakusanya nyimbo kwa maelfu.

Mwaka wa 1907 Kodály akawa mwalimu katika Chuo cha Muziki Budapest. Mwaka wa 1910 alimuoa Emma, mwanamke aliyemzidi umri kwa takriban miaka 20, naye mtunzi na mpigaji piano hodari. Watu walisema, kama kawaida ya watu. Ndoa hiyo ilidumu hadi Emma alipofariki mwaka wa 1958.

Njia haikuwa laini. Mwaka wa 1919 serikali ya kikomunisti iliyotawala kwa miezi michache iliangushwa. Kodály alikuwa ameshika wadhifa chuoni wakati wa utawala huo, kwa hivyo waliokuja baadaye wakamchunguza na kumsimamisha kazi. Alikaa nje kwa muda, jina limechafuliwa.

Alirudi kwa kishindo. Mwaka wa 1923 jiji la Budapest lilisherehekea miaka 50 tangu miji ya Buda, Pest na Óbuda iunganishwe, naye akaombwa kutunga kitu. Akatoa Psalmus Hungaricus, kazi ya mwimbaji mmoja, kwaya na okestra. Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza tena wewe ni nani.

KILICHOMGEUZA

Sasa sikiliza hapa vizuri, maana ndipo hadithi inapobadilika.

Baadaye kazi hiyo iliimbwa pia na watoto waliojiunga na kwaya. Kodály akasikia sauti zao. Akasikia walivyokuwa na uwezo ambao hakuna aliyekuwa akiutumia. Mnamo 1925 pia alisikia wanafunzi wakiimba nyimbo walizofunzwa shuleni, na nyimbo zenyewe zilikuwa ovyo, hazina ladha, zimetungwa harakaharaka ili tu somo lionekane limefundishwa. Ikamuuma. Nchi ilikuwa na maelfu ya nyimbo tamu vijijini, yeye na Bartók wamezibeba kwenye mikoba miaka 20, na mtoto wa shule anapewa takataka.

Mwaka huohuo akatunga nyimbo mbili za kwaya ya watoto. Mmoja unaitwa Villő, na ukitaka kuelewa majira ya baridi yana maana gani kwa mtoto wa Hungaria, anzia hapo. Kijijini, baridi ilipokaribia kwisha, wasichana walitengeneza sanamu ya majani makavu, wakaivisha nguo, wakaizungusha kijiji kizima wakiimba. Ile sanamu ndiyo baridi yenyewe, na magonjwa yake, na njaa yake. Wakifika mtoni wanaitupa. Kwaheri baridi, usirudi haraka.

Kodály hakuubuni mchezo huo. Aliuchukua kutoka midomoni mwa watoto wenyewe, akaupanga kwa sauti kadhaa kwa ufundi uleule aliotumia kwa watu wazima, akaurudisha kwa watoto. Hakuupunguza eti kwa sababu waimbaji ni wadogo.

Akaendelea hivyo, akifuata kalenda. Mwaka wa 1926 alitunga wimbo wa Siku ya Mtakatifu Gregori, tarehe 12 Machi, ambapo watoto walipita nyumba kwa nyumba wakiomba zawadi na kuwaalika wenzao waje shule. Mwaka wa 1929 akatoa wa salamu za Mwaka Mpya. Mwaka wa 1935 ukaja wimbo wa malaika na wachungaji kwa ajili ya Krismasi. Ukizipanga pamoja unaona anachofanya. Miezi ile mirefu, mtoto amefungiwa ndani, nje barafu, kila wiki chache kuna wimbo wa kungoja. Krismasi, Mwaka Mpya, Gregori, kisha unaitupa baridi mtoni.

Na ujue hapo zamani watoto wa huko hawakuimba majira hayo kwa burudani tu. Baada ya Krismasi vijana walipita mlango kwa mlango kwenye theluji, wakiitakia kila nyumba mavuno na baraka, nao wanapewa kitu kidogo. Wimbo ulikuwa na kazi. Ulimfikisha mtu Machi.

MWALIMU WA KIJIJINI ANAMSHINDA MKURUGENZI

Mwaka wa 1929 Kodály aliandika makala kuhusu kwaya za watoto iliyowachoma wengi. Hoja yake ilikuwa hivi: mwalimu wa kuimba katika mji mdogo usiojulikana ana umuhimu kuliko mkurugenzi wa Jumba la Opera jijini. Kwa nini? Mkurugenzi akiharibu kazi atafutwa na mambo yatasonga. Lakini mwalimu mbaya akikaa miaka 30 darasani, anaua hamu ya muziki kwa watoto wa miaka yote hiyo, darasa baada ya darasa, na hakuna anayemfuta.

Fikiria walivyoipokea wakubwa wa Opera!

Baadaye alienda mbali zaidi. Akasema shule ya msingi ni kuchelewa, tuanze chekechea. Mwaka wa 1941 ilichapishwa makala yake kuhusu muziki wa watoto hao wadogo. Alipoulizwa mtoto aanze kujifunza muziki lini, alikuwa akijibu miezi tisa kabla ya kuzaliwa. Alipozeeka akajirekebisha: miezi tisa kabla mama yake hajazaliwa.

Ni mzaha, lakini ndani yake kuna jambo zito. Alimaanisha kwamba mtoto anapokea muziki kama anavyopokea lugha, kwa yule anayembeba. Kama mama hakuwahi kuimbiwa, atamwimbia nini mwanawe? Ndiyo maana alitaka mtoto aanze na nyimbo za kwao, kwa lugha ya mama, kabla ya kupewa za mataifa mengine. Hakukataza za nje. Alitaka tu ujue kwenu kwanza.

Kama unadhani hilo ni la Wahungaria peke yao, kumbuka wimbo wa taifa wa Kenya. Mwaka wa 1963, nchi ilipotafuta wimbo wake, hawakwenda kununua muziki Ulaya. Walichukua wimbo ambao akina mama wa Kipokomo, kule Mto Tana, walikuwa wakiwabembelezea watoto walale. Kila unaposimama wima uwanjani mkono ukiwa kifuani, unaimba bembelezi ya mtoto. Kodály alikuwa hai wakati huo, na sijui wazo gani lingemfurahisha zaidi.

DARASA BILA ALA

Sasa utauliza, alifundishaje? Kwa ukweli, vipande vingi vya mbinu hiyo alivikopa, na kazi ya kuipanga darasani ilifanywa sana na wanafunzi na wenzake, kama Jenő Ádám aliyeandika kitabu cha kuwaongoza walimu mwaka wa 1944, na Katalin Forrai aliyeipeleka chekechea. Kodály alitoa wazo, nyimbo na msimamo. Wao wakatoa jasho la kila siku.

Kitu cha kwanza ni kwamba ala si lazima. Piano ni ghali, fidla ni ghali, na darasa la watoto 40 kwenye chumba chenye jiko moja la kuni haliwezi kununuliwa kila mtu ala yake. Lakini kila mtoto ameingia na koo. Mtoto wa tajiri na wa maskini, koo ni moja. Kwa hivyo wanaimba.

Wanaanza na noti mbili tu, so na mi. Hizo unazijua hata kama hujui kwamba unazijua. Ni namna mtoto aliye chini kwenye flati anavyomwita mwenzake wa ghorofa ya nne atoke wacheze, ile sauti ya kupanda na kushuka. Halafu inaongezwa la. Halafu do na re. Sasa kuna noti tano, na kwa hizo tano nyimbo nyingi za jadi zinaimbika. Fa na ti, zinazoleta hatua fupi ambazo mtoto mdogo huzikosea kwa urahisi, zinasubiri.

Kila noti ina ishara ya mkono. Do ni ngumi. Mi ni kiganja kilicholala kifudifudi kama meza. So ni kiganja kinachokutazama, kidole gumba juu. Fa, gumba linaangalia chini. Mwalimu anaweza kuongoza darasa zima wimbo mpya bila kufungua mdomo, mkono unapanda na kushuka na watoto wanausoma hewani. Kama umeitazama ile filamu ya Marekani ya 1977, Close Encounters of the Third Kind, ishara wanazotumia kuwasalimia viumbe kutoka angani ndizo hizo.

Mdundo nao una majina yake. Pigo moja ni ta, pigo likigawanywa mara mbili ni ti-ti. Watoto wanatembea darasani wakiukanyaga, wanapiga makofi, wanaruka. Ukiwa na miaka sita na nje ni baridi ya kugandisha masikio, kuruka ni dawa pia. Mtoto anaimba kwanza, anacheza, anahisi, ndipo anaonyeshwa jinsi alichokiimba kinavyoandikwa.

Ishara hizo za mkono na do, re, mi ya namna hiyo zilitoka Uingereza. Mwalimu mmoja wa kike wa mji wa Norwich, Sarah Glover, ndiye aliyeanzisha mfumo huo katika karne ya 19, kisha mchungaji John Curwen akauboresha na kuusambaza. Wamisheni wa Kiingereza waliubeba hadi Afrika, na ndio uliokuja kuingia kwenye kwaya za makanisa na shule zetu. Kwa hivyo wewe na mtoto wa Budapest mmekunywa kisima kimoja. Tofauti ni kwamba kwetu umebaki zaidi kuwa njia ya kukariri wimbo wa mashindano. Kodály aliufanya kuwa njia ya kusoma muziki, kama alfabeti, kwa kila mtoto, hata yule asiye na ndoto ya kusimama jukwaani.

Katika miaka ya vita alikuwa akiandika mazoezi mfululizo. Mwaka wa 1943 alitoa kijitabu cha mazoezi 333 ya kusoma muziki, mengine ni mistari miwili tu. Mtu aliyejaza kumbi za Ulaya, anakaa mezani anaandika mistari miwili ya mtoto wa darasa la kwanza. Halafu mingine. Mara 333.

BARIDI YA 1945

Kisha ikaja baridi ambayo hakuna wimbo wa kuitupa mtoni.

Bartók alikuwa ameshaondoka kwenda Marekani mwaka wa 1940. Kodály alibaki. Emma alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na mwaka wa 1944 Wajerumani walipoivamia Hungaria, Wayahudi wakaanza kukusanywa na kusafirishwa kwenda kuuawa. Kodály alitumia jina lake kusaidia aliowaweza, na hatimaye yeye na mkewe wakajificha katika nyumba ya watawa jijini.

Krismasi ya 1944 jeshi la Sovieti lilikuwa limeizingira Budapest. Watu walikaa kwenye vyumba vya chini ya ardhi wiki baada ya wiki. Hakuna umeme, hakuna maji, hakuna moto. Farasi waliouawa barabarani walikatwakatwa wakaliwa. Madaraja yote ya Mto Danube yalilipuliwa. Wanahistoria hukadiria raia wapatao 38,000 walikufa.

Kodály alikuwa na umri wa miaka 62. Huko chini, mabomu yakitikisa kuta, alifanya alichojua. Aliwatungia watawa waliomhifadhi wimbo mfupi wa sikukuu ya Mtakatifu Agnes, ambayo huwa Januari. Pia alikuwa na misa aliyoiandika awali kwa kinanda cha kanisani, akiipanga upya iimbwe na kwaya.

Yeye na Emma walipata hifadhi pia chini ya Jumba la Opera. Na ni hapo, Februari 1945, upande wa Buda vita vikiwa bado havijaisha, misa hiyo ikaimbwa kwa mara ya kwanza. Haikuimbwa ukumbini, kwa sababu ukumbi haukuwa wa kutumika. Iliimbwa katika chumba ambacho watu wa opera huachia makoti yao. Waimbaji walikuwa wachache waliokuwa wamejificha humo, na badala ya kinanda kikubwa kulikuwa na kile kidogo cha kukanyaga kwa miguu. Inaitwa Missa Brevis, na leo kwaya za dunia nzima huiimba.

Angalia kilichobaki siku hiyo. Okestra haipo. Jukwaa halipo. Taa hazipo. Yale makuu yote aliyoambiwa asiyaache, yamezimika. Kilichobaki ni koo za watu wenye njaa ndani ya chumba cha makoti. Miaka 20 alikuwa akihubiri kwamba hicho kinatosha. Sasa alikuwa na ushahidi ambao asingependa mtu yeyote aupate kwa njia hiyo.

Septemba mwaka huo Bartók akafariki New York. Hawakuonana tena.

SHULE YA KECSKEMÉT

Wengine wangestaafu. Yeye aliona nchi imevunjika na watoto wamejaa, akarudi darasani.

Mwaka wa 1950, katika mji uleule alikozaliwa, ikafunguliwa shule ya msingi ambapo kila mtoto alikuwa na somo la muziki kila siku, kama hesabu. Aliyeisimamia ni mwalimu Márta Nemesszeghy. Watu walisubiri kuona watoto wakianguka masomo mengine kwa sababu ya kuimbaimba. Walimu wakaripoti kinyume: watoto hawa walikuwa wakifanya vizuri hata kwenye masomo mengine. Shule zikaongezeka, na kufikia miaka ya sitini zilikuwa zaidi ya 100 nchini.

Tuseme ukweli pia. Serikali ya kikomunisti ya wakati huo ilikuwa kali, na ilipenda kwaya kwa sababu zake yenyewe. Kodály alitumia upenyo huo na heshima aliyokuwa nayo kupata alichotaka kwa watoto. Na alikuwa mkali wa ladha. Jazz hakuipenda, na nyimbo za redio za kupita aliziona kama sumu kwa mtoto. Ungemchezea gengetone angetoka chumbani. Hapo mimi na yeye tungekosana, na nadhani wewe pia. Muziki wa mtaani nao ni wa kwetu, umezaliwa na vijana wetu, kwa lugha yetu. Lakini kukosana naye juu ya ladha hakufuti hoja yake kwamba mtoto apewe kitu kizuri mapema, kabla hajauziwa kibaya.

Mwaka wa 1964 walimu wa muziki kutoka nchi nyingi walikutana Budapest. Walikuja kwa mkutano, wakaingia madarasani, wakaona watoto wadogo wakisoma noti kama gazeti. Wakarudi kwao wakisimulia. Mbinu hiyo ikasambaa Marekani, Japani, Australia na kwingineko.

Kodály alifariki Budapest tarehe 6 Machi 1967, akiwa na umri wa miaka 84. Baridi ilikuwa inaelekea ukingoni, siku sita kabla ya Siku ya Gregori, ile ambayo watoto hupita wakiimba na kuwaita wenzao shuleni. Mwaka wa 1975 taasisi yenye jina lake ilifunguliwa Kecskemét, nayo mwaka wa 2016 UNESCO iliitambua njia yake kama mfano mzuri wa kuhifadhi muziki wa jadi.

WEWE SASA

Najua wengi wenu mliambiwa mkiwa wadogo kwamba hamna sauti. Mwalimu mmoja, siku moja, alikwambia usogee nyuma usiimbe, ufungue mdomo tu. Ukaamini, na hadi leo ukiwa bafuni unaimba kwa aibu. Kodály angekwambia kosa halikuwa koo lako. Hukufunzwa. Hakuna anayemwambia mtoto wa miaka mitano eti hana kipaji cha kuongea.

Na kama nyumbani kuna mdogo wako, au mtoto wa dada yako, huhitaji kusubiri shule inunue piano wala kulipia masomo ya wikendi. Msimu wa baridi yetu, ile ya Juni na Julai, watoto wanakaa ndani wakitazama simu ya mama mpaka betri inaisha. Ichukue hiyo simu kidogo. Mwimbie wimbo mmoja ambao nyanya yako alikuimbia. Umeusahau? Mpigie nyanya umuulize, maana yeye bado anaukumbuka, na hauko mtandaoni.